Kabati Lisilofunguliwa na Mkono wa Binadamu

"Kwa uwezo aliopewa na Katiba, na kwa huruma aliyojipa mwenyewe, Mlezi Mkuu wa Taifa, Baba wa Watoto Wote na Mjomba wa Wasio na Baba, anawatangazia wananchi wa Jamhuri ya Utulivu kwamba kuanzia leo hakuna mwananchi atakayekufa akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Kila kliniki ya meno inayomlaza mgonjwa kwa dawa, au kumtuliza kwa sindano, itakuwa na Kabati la Usalama. Ndani yake mtakuwa na oksijeni. Kufa kumefutwa."

Tangazo hilo lilibandikwa nchi nzima. Kwetu, Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Mlezi Mkuu Namba Nne, lilibandikwa kwenye mlango wa choo cha bweni, kwa sababu Mkuu wa Shule aliona huo ndio mlango pekee ambao wanafunzi husimama mbele yake kwa foleni, kwa nidhamu na kwa shauku. Lilidumu siku mbili. Siku ya tatu karatasi za chooni ziliisha, na mimi sitasema zaidi, kwa kuwa ni msichana mtiifu.

Jina langu ni Nyamizi, kidato cha tatu. Watu wenye roho mbaya husema kwamba ile barua ya Wizara iliyofuta uji wa Jumatano niliiandika mimi. Barua ilikuwa na mhuri, na nchi yetu haina tabia ya kuuliza mhuri umetoka wapi. Ulitoka kwenye kiazi. Shule iliitii kwa wiki tatu, na Mkuu wa Shule akaiandikia Wizara kuishukuru kwa mwongozo. Wizara ikajibu: "Karibuni tena."

Nasema haya ili mjue ni nchi ya namna gani, msije mkanilaumu mapema.

*

Sasa nieleze Kabati la Usalama.

Mwanzoni lilikuwa kabati kweli. Lilikuwa na mtungi wa oksijeni, barakoa, mpira wa kumpumulishia mtu aliyeacha kupumua, mashine ya kunyonya mate na damu, kile kipimo cha kubana kidoleni, na dawa ya kumzindua aliyelala kupita kiasi. Lilikuwa na kitasa. Ukivuta, linafunguka.

Mwaka ulipoisha wakaguzi wakapita, wakakuta aibu. Barakoa zilikuwa na mate. Mitungi ilikuwa imepungua. Mpira mmoja, huko kusini, ulionyesha dalili zote za kubonyezwa. Vifaa vilikuwa vimetumika! Mkaguzi Mkuu wa Usalama wa Kinywa, Bwana Sekibo, mtu mwembamba anayeweka rula mfukoni mahali ambapo wengine huweka kalamu, aliandika ripoti ya kurasa sitini. Alisema kifaa kilichotumika si kifaa kamili, na kliniki isiyo na vifaa kamili si kliniki salama. Waliopumua kwa vifaa hivyo hawakutajwa, kwa kuwa fomu haikuwa na sehemu yao.

Basi sheria ikaboreshwa. Kabati likawekewa kioo kinene, likapigwa kufuli, kufuli likamwagiwa lakiri nyekundu ya serikali, na ufunguo ukapelekwa makao makuu, mwendo wa siku mbili kwa basi. Daktari anayetaka kulifungua ajaze Fomu ya Dharura, nakala nne, na kuiwasilisha siku saba kabla ya dharura kutokea. Atakayevunja bila fomu, miaka mitano jela. Na juu ya kila Kabati itundikwe picha ya Mlezi Mkuu, fremu ya mninga yenye pembe za chuma, isiwe ndogo kuliko mtungi, ili mgonjwa anayezimia ajue ni nani anayemwangalia.

Tangu siku hiyo kliniki za Utulivu zimekuwa salama kwa asilimia mia moja na nne. Hizo nne ni akiba.

*

Rafiki yangu anaitwa Siwatu. Kidato cha kwanza alifagia mabweni mawili mwezi mzima kwa kosa langu, na hakunitaja. Mtu wa namna hiyo hapatikani dukani. Mwaka huu magego yake mawili ya chini yalioza, moja kila upande, akawa anakula maharage kwa kuyameza kama vidonge. Shavu la kushoto lilipovimba mpaka jicho likajifunga, Matroni alisalimu amri.

"Nyamizi, msindikize mwenzako kwa daktari wa meno," alisema.

"Kwa nini mimi, Matroni?"

"Kwa sababu shule nayo inahitaji kupumzika."

Kliniki ya Dokta Lugome iko mjini, nyuma ya posta. Dokta ni mtu mpole, anayeanza kila sentensi na neno "kisheria", hata akisalimia. Anasaidiwa na Nesi Bahiya, mama mnene mwenye mikono ya kusukuma chapati, ambaye huimba chinichini anapofanya kazi.

Dokta alichoma ganzi mara mbili, na mara mbili Siwatu aliruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Kisheria," alisema Dokta akijifuta jasho, "usaha unaizuia ganzi isishike. Itabidi nimtulize kwa sindano ya mshipa. Nang'oa moja leo. La pili, baada ya wiki tatu."

Siwatu alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunitoa chumbani. "Oksijeni ipo?" aliuliza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Ipo, mwanangu," alisema Nesi Bahiya. "Ipo kama Bunge lilivyopo."

"Nesi!"

"Samahani, Dokta. Iko kabatini."

Sindano iliingia. Siwatu akaanza kuniambia kwamba dari ni zuri, akaishia katikati. Dokta aling'oa lile gego, jeusi kama punje ya kahawa, akaliinua kwenye mwanga kwa fahari. Nesi Bahiya akaacha kuimba.

"Dokta," alisema. "Huyu hapumui."

Alimrudisha Siwatu kichwa nyuma, akamwinua taya, akamwita kwa jina, akampiga kofi begani. Kifua kilikuwa kimetulia kama nchi. Midomo ya rafiki yangu ikaanza kuwa na rangi ya majivu.

"Mpira, Dokta! Mpira na barakoa!"

Dokta Lugome alikimbilia kwenye Kabati, akasimama mbele yake. Nilidhani anavunja. Alikuwa anasoma masharti yaliyobandikwa kwenye kioo.

"Siku saba," alisema, kwa sauti ya mtu anayelia bila machozi. "Bahiya, tungejua tangu Jumatatu iliyopita..."

Akavuta droo, akaanza kutafuta Fomu ya Dharura.

Hapo ndipo muujiza ulipotokea, na nitausimulia kama nilivyousimulia kwa Tume, bila kupunguza. Picha ya Mlezi Mkuu ilitikisika. Macho yake yakajaa huruma. Ikajinyanyua msumarini, ikazunguka hewani nusu duara, na kwa pembe yake ya chuma ikapiga kioo cha Kabati, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza kioo kiliweka ufa tu. Mimi nilikuwa karibu, nimenyanyua mikono yote miwili kwa mshangao.

Nesi Bahiya hakushangaa hata kidogo. Aliingiza mkono kwenye vioo, akatoa mpira, akaubandika usoni kwa Siwatu, akafungulia mtungi, akabonyeza. Kifua kikapanda. Akabonyeza tena. Akabonyeza huku akituambia wote wawili, mimi na Dokta, maneno ambayo shuleni kwetu mtu anayasema mara moja tu halafu anahamishwa shule.

Baada ya muda mrefu Siwatu alikohoa.

"Nani amenikalia kifuani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Nesi Bahiya, na akaketi sakafuni, katikati ya vioo, akajifunika uso kwa aproni.

*

Tume ilifika kesho yake. Ilikuwa na mtu mmoja, Bwana Sekibo, ambaye alikuwa amejiteua mwenyekiti. Mimi na Siwatu tuliitwa kliniki kama mashahidi. Bwana Sekibo alipima vipande vya kioo kwa rula, kimoja kimoja, kisha akamtazama Siwatu kwa kero.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye mgonjwa, Mheshimiwa," alisema Dokta.

"Yuko hai?"

"Kisheria... ndiyo."

"Basi hapakuwa na dharura. Dharura ni mtu kufa. Mmevunja Kabati la serikali kwa ajili ya mtu aliye hai." Alitoa karatasi. "Nani amevunja lakiri?"

Dokta alifungua mdomo. Ana watoto wanne, na wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Nesi Bahiya akapiga hatua mbele, akikunja mikono ya gauni lake. Na mimi, kwa kuwa nimefundishwa kuwatangulia wakubwa penye tope, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani amevunja?"

"Si mtu, Mheshimiwa. Ni Baba mwenyewe."

Nikamweleza muujiza. Nilimweleza kwa heshima zote, na nikaongeza mwanga kidogo pembezoni. Bwana Sekibo alinitazama, akaitazama picha, akanitazama mimi. Nilimwona akipiga hesabu. Akisema picha haiwezi kuruka, amesema kuna jambo ambalo Mlezi Mkuu hawezi. Mtu wa mwisho kusema hivyo alikuwa mtabiri wa hali ya hewa, na hajaonekana tangu masika.

"Alisema chochote?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Alisema, 'Wananchi wangu kwanza.'"

"Kwa sauti gani?"

"Ile ya redioni, Mheshimiwa. Ya saa mbili."

Aliandika. Siwatu, mwenye pamba mdomoni, alikuwa akinikanyaga mguu kwa nguvu zote za mtu aliyerudishiwa uhai.

*

Niliuona muujiza ule kama kichekesho kizuri kuliko vyote nilivyowahi kubuni. Jioni hiyo redio ilisoma habari zangu. Kesho yake wanafunzi wote tulipangwa paredi kushangilia. Mshairi wa Taifa aliamka mapema akatunga beti tisini, zote zikiishia na neno "fremu". Dokta Lugome alipewa cheti cha Kliniki Iliyotembelewa.

Wiki ya pili sheria ikaboreshwa tena.

"Kwa kuwa imethibitika," lilisema tangazo, "kwamba mwenye kazi ya kulifungua Kabati yupo na yuko macho, ni marufuku kuanzia leo kwa mkono wowote wa binadamu, uwe na fomu au usiwe nayo, kufungua, kuvunja au kugusa Kabati la Usalama. Mgonjwa akiacha kupumua, watumishi wasimame wima, waitazame picha, na wangoje."

Tulicheka bwenini mpaka kiranja akaandika majina. Nilicheka kuliko wote. Jumapili Nesi Bahiya akaja shuleni siku ya wageni, amevaa kanga ya kutokea, akaniita pembeni ya uwanja wa netiboli.

"Unamjua seremala Mzee Kombora, wa wilaya ya jirani?" aliuliza.

"Simjui, Mama."

"Alikwenda kung'olewa jino Alhamisi. Wakamtuliza. Akaacha kupumua." Alitazama mikono yake. "Walisimama wima, mwanangu. Nesi wa huko ni mwanafunzi wangu, nilimfundisha mwenyewe kushika taya. Alisimama dakika nne akiitazama picha, kwa sababu askari alikuwa mlangoni. Mzee akaanza kupumua mwenyewe, kwa bahati ya Mungu. Yuko hai. Ila hajui majina ya watoto wake. Randa anaishika kichwa chini miguu juu."

Nilicheka kidogo, kwa mazoea. Halafu kicheko kikaondoka, nikabaki na mdomo wazi.

"Nikaseme ukweli?" niliuliza.

"Ukisema, Dokta anakwenda jela miaka mitano kwa kuacha Kabati livunjwe. Na sisemi ukae kimya. Sijui, Nyamizi. Mimi nimekuja kukuambia tu, maana hakuna mwingine wa kumwambia." Kisha akanipa mfuko wa karanga alioniletea, na nadhani hilo ndilo lililoniuma zaidi.

*

Gego la pili halikujua siasa. Lilivimba katika wiki ya tatu kama lilivyopangiwa, na Wizara nayo ilikuwa na kalenda. Barua ikaja: mwanafunzi Siwatu atang'olewa jino la pili hadharani, katika Maadhimisho ya Muujiza, mbele ya Waziri wa Meno na Mambo Yote ya Kinywani, Mheshimiwa Kanali Tindwa, na matangazo yatarushwa moja kwa moja. Iliambatanishwa ratiba:

Saa 4:00, wimbo wa taifa. Saa 4:10, mgonjwa kutulizwa. Saa 4:20, mgonjwa kuacha kupumua. Saa 4:21, picha kuruka. Saa 4:25, ngoma. Saa 4:30, soda.

Siwatu aliisoma akiwa ameketi kwenye sanduku lake la chuma, shavu la kulia limejaa kama mtu anayepuliza puto.

"Shosti," alisema, "nakuuliza mara moja tu. Ile picha iliruka?"

"Nilimwambia Bwana Sekibo..."

"Sijakuuliza ulimwambia nini. Nakujua tangu kidato cha kwanza. Wewe hata ukipiga chafya unasingizia mtu."

Niliinama kusoma tena ile saa 4:21.

"Kataa," nilimwambia mwishowe. "Sema jino limepona."

"Walinipima jana. Mkuu wa Shule ameshashona sare mpya." Aliikunja ratiba mara nne, akaiweka ndani ya soksi. "Saa nne na dakika ishirini naacha kupumua, Nyamizi. Imeandikwa na ina mhuri. Basi simama karibu na picha. Usikae mbali. Umenisikia wewe mtoto?"

"Nimesikia."

"Mwezi ule nilifagia mabweni mawili. Leo simama tu."

*

Ukuta wa mbele wa kliniki ulikuwa umebomolewa ili umma uone vizuri. Viti vya wageni vilijaa mpaka posta. Picha mpya ilikuwa imetundikwa, kubwa kuliko ya kwanza, na chini yake Kabati jipya, kioo kipya, lakiri mpya. Kila kitu ndani kiling'aa. Askari wawili walisimama kushoto na kulia, kulilinda Kabati dhidi ya Nesi Bahiya.

Kabla ya wimbo wa taifa Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa dakika arobaini. Alisema kwamba katika nchi zilizoendelea oksijeni hutumiwa na watu. "Sisi tumepiga hatua," alisema. "Sisi tunaitunza." Watu wakapiga makofi. Mimi, kama shahidi wa muujiza, niliwekwa kwenye kiti cha heshima, pembeni kabisa, mbali na picha. Nikanyanyuka nikakisogeza. Afisa mmoja akakirudisha. Nikakisogeza tena. Mara ya tatu alichoka.

Saa nne na kumi Dokta Lugome aliingiza sindano. Niliona alichofanya: alisukuma kidogo sana, robo tu, akaichomoa kwenye mrija wa mshipani, akaiweka kwenye trei. Siwatu alisinzia vizuri, akipumua kama mtoto aliyeshiba. Dokta aling'oa jino bila tatizo. Ikafika saa nne na ishirini.

Siwatu aliendelea kupumua.

Waziri alitazama saa. Mpiga tarumbeta alimtazama Waziri. Kwenye safu ya mbele mabalozi walianza kunong'ona.

"Dokta," alisema Bwana Sekibo kwa sauti ya chini, "ratiba."

"Kisheria, jino limeshatoka, Mheshimiwa. Hakuna haja ya..."

"Dokta. Mgonjwa huyu yuko nyuma ya muda."

Dokta hakusogea. Kwa hilo namsifu: hakusogea. Basi Bwana Sekibo akachukua sindano kwenye trei kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa rula, akasukuma dawa yote iliyobaki kwenye ule mrija wa mshipani, mpaka mwisho, akiangalia alama za mililita kwa uangalifu wa mtu anayependa kazi yake.

Saa nne na ishirini na tatu Siwatu aliacha kupumua. Watu wakapiga makofi.

Wote wakasimama wima. Wote wakaitazama picha. Picha ilifanya kile ambacho picha hufanya. Nesi Bahiya alimshika Siwatu taya, akasema, "Nipeni mpira. Nipeni mpira jamani!" na askari mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, tazama picha." Waziri akasafisha koo.

"Baba," alisema kwenye kipaza sauti, "tuko tayari."

Nilikuwa nimejifunza hotuba. Nilikuwa nimepanga nisimame, nikiri mbele ya redio, nizungumze kwa ufasaha. Midomo ya Siwatu ikabadilika rangi, na hotuba yote ikanitoka kichwani. Nilipanda juu ya kiti cha heshima, nikaikumbatia picha, nikaing'oa na msumari wake.

Walishangilia! Wale wa safu za nyuma walichoona ni picha ikienda, na sauti zao zilitikisa mabati. Ngoma zikaanza kabla ya wakati. Nikakimbia nayo, fremu imenifunika kuanzia paji la uso hadi kiunoni, nikakita pembe ya chuma kwenye kioo, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kwa kuwa kilikuwa kinene kweli, na wale askari hawakunizuia, maana ni nani atakayemkamata Mlezi Mkuu? Kioo kilimwagika. Nesi Bahiya alipita chini ya kwapa langu kama mchezaji wa netiboli, akarudi na mpira na barakoa, akaanza kubonyeza.

Kisha ngoma moja ikanyamaza. Halafu nyingine. Safu ya mbele ilikuwa imeona soksi zangu.

"Hiyo miguu," aliuliza Waziri, "ni ya nani?"

*

Bwana Sekibo alikuwa wa kwanza kunifikia. Nilitarajia pingu. Akainama, akaninong'oneza kupitia pembeni ya fremu, na jasho lake lilinuka woga.

"Sema mkono wako uliongozwa. Sema ulisikia sauti ikikuamuru. Sheria tunaiboresha leo hii: kila Kabati litakuwa na picha na msichana mmoja wa shule. Utasomeshwa mpaka ng'ambo. Dokta yuko salama, wewe uko salama, sote tuko salama. Sema tu."

Nakiri kwamba nilifikiri. Ulikuwa uongo mzuri, umenyooka, umeshapigwa mhuri. Nyuma yake nilimwona Siwatu kwenye kiti, na kifua chake kikipanda kila Nesi alipobonyeza, na nje ya hapo hakipandi. Nikaiteremsha picha chini. Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, na nchi nzima ilikuwa inangoja soda.

"Ni mimi," nilisema. "Leo ni mimi, na siku ile ni mimi. Picha haikuruka. Picha haijawahi kuruka. Nilimdanganya Bwana Sekibo, na yeye alijua, na akaandika. Dokta Lugome hakuvunja kitu: alikuwa kwenye droo akitafuta fomu yenu. Na Mzee Kombora seremala alilala pale akingojea uongo wangu umpumulishe. Popote mlipo, msiitazame picha. Vunjeni kioo."

Wakakata matangazo, lakini wakiwa wamechelewa, kama kawaida ya Wizara.

Siwatu alikohoa. Sitaeleza nilivyojisikia, kwa sababu bado nina heshima kidogo shuleni.

Waziri aliniita mbele yake. Alikuwa amekunja uso kwa huzuni ya kiserikali.

"Binti," alisema, "kwa nini ulivunja?"

"Alikuwa hapumui, Mheshimiwa."

"Hilo sote tuliliona," alisema Waziri. "Nakuuliza kwa nini ulivunja."

*

Haya basi ndiyo maelezo yangu, niliyoamriwa kuyaandika katika ofisi ya Mkuu wa Shule kabla Tume haijarudi. Mlioyasoma tangu mwanzo, nanyi niliwadanganya. Pale niliposema nilinyanyua mikono kwa mshangao, mikono ilikuwa na fremu. Sijui watanifanya nini. Sheria inayonihusu bado inaboreshwa. Nasikia kuna kliniki tatu ambazo kioo kimeshavunjwa, na serikali inalaumu upepo.

Wakiniuliza juu ya vioo viwili, sijutii hata kimoja. Mzee Kombora najutia. Yaliyompata yaandikeni kwa jina langu, wala msitafute mhuri.

Siwatu yuko hapa, kwenye benchi nje ya mlango. Alikataa kurudi bwenini bila mimi. Amesinzia akinisubiri, shavu limevimba, mdomo wazi, juani kweupe saa tisa mchana. Naandika sentensi moja, nainua kichwa, natazama kifua chake. Kinapanda. Naandika nyingine.